Jeneza kwa Maharage

Nchi yetu ni nchi nzuri sana, na nasema hivyo bila kushurutishwa na yeyote kati ya mabwana wawili waliokaa nami chumbani humu. Ina milima, ina mito, ina bendera yenye rangi nyingi kuliko ya jirani, na ina benki moja tu, kwa sababu Serikali iliona kwamba wananchi wakipewa benki mbili watapoteza muda wakichagua. Benki hiyo inaitwa Benki ya Ustawi wa Kila Mtu. Jina la nchi silitaji. Linafanyiwa marekebisho na kamati, na mpaka sasa kamati imekubaliana juu ya posho tu.

Kwa miaka mingi benki yetu iliwatumia wateja ujumbe wa simu usioeleweka. Ukinunua dagaa, simu ilikuandikia MLP/KZ/0/XX IMEKAMILIKA. Ukilipa ada ya shule, ilikuandikia vilevile. Watu hawakulalamika. Walijua walichonunua kwa sababu walikuwa wamekishika mkononi.

Kisha Gavana wa benki, Mheshimiwa Dokta Polikarpi Ndimbwa, akaenda ng'ambo kwenye mkutano, akakaa huko mpaka suti zikambana, akarudi na neno jipya: urutubishaji. Alitutangazia palepale uwanja wa ndege, kabla hata mizigo yake haijashuka.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Mahindi yenu mnayawekea mbolea. Miamala yenu imewakosea nini? Kuanzia leo kila malipo yatarutubishwa. Yatapewa jina kamili la muuzaji, picha ndogo, kundi lake, na ushauri kwa mteja. Benki itawajua kuliko mama zenu! Itajua mnachokitaka kabla hamjakitaka, na itawaletea huduma simuni mkiwa mmelala!"

Tulipiga makofi sana, hasa sisi tuliosimama karibu na polisi.

Mambo yalianza vizuri. Mlevi mmoja wa mtaani kwangu aliandikiwa, "Ndugu mteja, tumeona umehama baa. Kulikoni?" akafarijika kwamba kumbe kuna mtu anamjali. Mwalimu mkuu mmoja aliletewa picha ya kitanda na maneno Nyumba ya Wageni Tulia, Kundi: Mapumziko ya Mchana. Kwa bahati simu ilikuwa mkononi mwa mkewe. Mwalimu sasa anaishi hapohapo Tulia moja kwa moja, na benki imempa punguzo la mteja wa kudumu. Huduma bora ndiyo hiyo.

Jambo dogo tu lilitokea Mtaa wa Randa.

Mtaa wa Randa uko nyuma ya hospitali kubwa. Upande mmoja wamepangana wafanyabiashara wadogo: kinyozi, muuza nyanya, fundi viatu, na Bi. Sikudhani, mama lishe mwenye chapati laini na maharage ya nazi ambayo madaktari huwatoroka wagonjwa kwenda kuyala. Genge lile alilirithi kwa mama yake. Kwa moshi wake alikuwa amewaozesha binti wawili, na wa tatu alikuwa bado chuoni anasomea uuguzi. Katikati ya safu hiyo yupo Fundi Chambuso, mtengeneza majeneza, mtu mcheshi kuliko kazi yake.

Sasa, nchini kwetu mfanyabiashara akitaka kulipwa kwa simu lazima awe na lipa namba, na kuipata lipa namba unatakiwa kupeleka barua ya mtendaji, cheti cha mlipakodi, picha zinazoonyesha masikio yote mawili, na ushahidi kwamba tayari unayo lipa namba. Mtaa mzima wa Randa mwenye nayo alikuwa Fundi Chambuso peke yake. Aliipata siku watu wa benki walipofiwa na mwenzao, wakaja kuchukua jeneza bila fedha taslimu, wakamwandikisha palepale ili waweze kumlipa.

Basi majirani wakaungana kama ilivyo desturi ya watu wetu. Kila mteja wa mtaa ule alilipa kwenye namba ya Fundi. Ukinywa chai kwa Bi. Sikudhani, unalipa kwa Fundi, unamwonyesha Bi. Sikudhani ujumbe, naye anatupia kunde moja ndani ya kopo. Kinyozi alitumia choroko, muuza nyanya mahindi, fundi viatu mbegu za maboga. Jioni kila mtu alipeleka kopo lake kwa Fundi na kupewa chake. Ugomvi ulitokea mara moja tu, siku kuku alipokula mauzo ya kinyozi, ukaisha kuku alipochinjwa na wote wakala.

Mfumo wa kurutubisha miamala haukujua habari za kunde. Uliona namba, ukaona mwenye namba anauza nini, ukafanya kazi yake. Asubuhi ya kwanza, nesi mmoja aliyetoka kunywa chai alisikia simu yake ikilia. Kulikuwa na picha nzuri ya jeneza lenye vishikio vya shaba. "Ndugu mteja," ujumbe ulisema, "umenunua JENEZA. Kundi: Safari. Ushauri: hili ni lako la tano wiki hii. Je, umefikiria kununua kwa jumla?"

Nesi alicheka mpaka akaketi. Daktari mkuu hakucheka, kwa sababu yeye alikuwa ameongeza chapati, na benki ilimpa pole kwa mapacha.

Makao makuu ya benki, wataalamu walikaa na kuchambua. Walikuta kwamba wakazi wa eneo la hospitali hununua majeneza kila asubuhi kabla ya kazi, kwa bei ya kutupa, na kwamba tangu mtaa uwepo hakuna mtu aliyewahi kula chochote pale. Mmoja wao, kijana mgeni kazini, aliuliza kama isingefaa kwenda kuangalia. Alihamishiwa tawi la mpakani, ambako kuna mandhari nzuri.

Gavana aliipokea ripoti kwa furaha, akaitisha waandishi wa habari.

"Data haidanganyi," alisema. "Wanaodanganya ni watu, kwa kuendelea kuishi! Wananchi wa eneo hili wanatuambia kitu kwa miamala yao, nasi tumesikia. Wanataka huduma za mazishi za kidijitali, na watazipata!"

Kuanzia siku hiyo barua za benki kwa wakazi wa eneo lile zilianza na maneno "Mpendwa Marehemu Mtarajiwa". Fundi Chambuso alipewa nishani ya Mjasiriamali wa Kifungua Kinywa. Alipojaribu kueleza habari za makopo, walimwomba asiharibu sherehe, akavaa nishani yake na kurudi kwenye randa.

Na kwa kuwa palihitajika kiwanja cha kujenga Kituo cha Huduma kwa Wafiwa, wataalamu walitafuta kwenye mfumo mahali patupu na papana kuliko pote mtaani pale. Walipapata. Ni pale ambapo hapajawahi kuuzwa kitu chochote tangu mfumo uanze kuona, yaani kwa Bi. Sikudhani.

Ilani ya kuhama haikuandikwa jina lake, maana hakuwepo. Ilibandikwa kwenye meza yake ya kusukumia chapati, imeandikwa "Kwa: Mahali Hapa". Mahali hapo palipewa muda mpaka siku ya jiwe la msingi. Bi. Sikudhani aliisoma akiwa na unga mikononi. Si mtu wa kulia ovyo, lakini siku hiyo alilia, akajifuta kwa kiwiko, kisha akavua aproni na kwenda benki.

Kaunta alimkuta kijana nadhifu mwenye tai.

"Shikamoo mama," kijana alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja juu ya genge langu la Mtaa wa Randa."

Kijana alibonyeza, akatazama, akabonyeza tena. "Samahani mama, mfumo haukuoni."

"Mfumo hauoni. Wewe je?"

"Mimi ni mtumishi wa mfumo."

"Lakini umeniamkia hapa sasa hivi, mbele za watu!"

"Nimekuamkia kwa adabu, mama. Kimfumo sijaamkia mtu."

Bi. Sikudhani alivuta pumzi. "Basi niandikie na mimi lipa namba yangu, huo mfumo uanze kuniona."

"Inabidi kwanza Gavana athibitishe kwamba upo. Na Gavana keshathibitisha kwamba hupo, sahihi yake hii hapa." Kijana akashusha sauti. "Bahati yako, mama, jiwe la msingi anakuja kuliweka mwenyewe. Mshike hapohapo. Wa nyuma yako, karibu!"

Siku ya jiwe la msingi Gavana alifika na msafara, bendi, na jiwe lenyewe likiwa limevikwa utepe. Alikuwa ametoka nyumbani bila kula ili awahi kuonekana amewahi. Bi. Sikudhani hakuwa amehama. Alikuwa amekanda unga mwingi kuliko kawaida, kwa hasira, na harufu ya chapati ilimkuta Gavana katikati ya hotuba, kwenye neno "mageuzi". Akaruka kurasa, akakata utepe, akaenda moja kwa moja kwenye genge.

"Mheshimiwa, shikamoo," alisema Bi. Sikudhani akimwekea sahani. "Nakuomba unisikilize. Wamesema hapa hakuna mtu. Nipo hapa tangu mama yangu."

Gavana alikata kipande cha chapati, akakichovya. "Mama yangu mpenzi, usiyachukulie kibinafsi. Kitaalamu, hapa ninapozungumza hakuna mtu." Akatafuna na kufumba macho. "Ongeza maharage."

"Nina binti chuoni, mheshimiwa. Wakinivunjia hapa atarudi nyumbani."

"Binti anaweza kuwepo. Hilo halijachunguzwa. Wewe ndiye hupo, na ukitaka kubishana na data unajisumbua bure. Chapati nyingine."

Fundi Chambuso, aliyekuwa akisikiliza huku anapiga randa, hakuweza kujizuia. "Mheshimiwa, usitukane wakunga na uzazi ungalipo."

Gavana alicheka, akapangusa mdomo, akaamua kuwaonyesha wananchi mfano kwa kulipa mwenyewe kwa simu yake, mbele ya kamera. Alisomewa lipa namba iliyobandikwa kwenye nguzo. Akabonyeza. Watu wakapiga makofi.

Hapa lazima nieleze jambo la kitaalamu. Wateja wadogo wakinunua jeneza, mfumo huwaandikia pole na kuishia hapo. Gavana, hata hivyo, alikuwa mteja wa Daraja la Almasi, na yeye mwenyewe aliwahi kuagiza kwamba wateja wa Almasi wasisumbuliwe kwa maswali, bali wahudumiwe mpaka mwisho. Mfumo ukajiuliza jeneza hili ni la nani. Ukapitia malipo yake yote ya maisha. Ukakuta hajawahi hata siku moja kumnunulia mtu mwingine kitu. Basi jeneza likawa lake.

Kabla hajarudisha simu mfukoni, akaunti zake zilikuwa zimefungwa, bendera zimeshushwa nusu mlingoti, na redio imeanza kupiga muziki wa kinanda. Dereva wake alipata ujumbe kwamba gari la marehemu lirudishwe karakana mara moja, naye, kijana mtiifu, akaliwasha na kuondoka, akilia kwa dhati. Msafara ukamfuata. Bendi ikabadilisha wimbo.

Gavana alirudi benki kwa miguu. Getini mlinzi alimzuia kwa upole.

"Pole, mzee. Leo hatufungui, tumefiwa."

"Mmefiwa na nani?"

"Na Gavana."

"Gavana ni mimi!"

"Ndiyo hivyo, mzee. Pole sana." Mlinzi akamshika mkono kwa mikono miwili, kama wafanyavyo watu wenye malezi, akamruhusu apite kwenda kwenye turubai pamoja na waombolezaji wengine.

Chini ya turubai Naibu Gavana, Bwana Kleofasi Mwinuka, alikuwa tayari amekalia kiti chenye mgongo mrefu na anasoma wasifu wa marehemu. Ulikuwa wasifu mzuri. Ndani yake marehemu alikuwa mnyenyekevu, mpole, mwenye kula kidogo. Gavana alisimama akasikiliza mpaka mwisho, na nadhani alifurahi, maana aliomba aya ya pili irudiwe. Baadaye ndipo alipokumbuka hali yake.

"Mwinuka, mimi ni mzima!"

Mwinuka alivua miwani. "Mheshimiwa marehemu," alisema kwa heshima, "data haidanganyi. Wanaodanganya ni watu, kwa kuendelea kuishi. Hayo si yangu, ni yako. Tumeyachonga ukutani."

"Nilinunua chapati! Chapati na maharage!"

"Mfumo unasema jeneza."

"Muulizeni muuzaji!"

Mwinuka akafungua mashine yake, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Muuzaji huyo hayupo. Ulithibitisha mwenyewe, na sahihi yako ni nzuri sana. Tafadhali keti, unawazibia wafiwa."

Gavana akaketi. Kiti hakikuwepo, akaketi mkekani nyuma kabisa, kati ya mwanamke asiyemjua aliyekuwa akimlilia na mtoto wa mwanamke huyo aliyetaka kujua chakula kinaletwa saa ngapi. Nakiri kwamba nilimwonea huruma.

Swali la mtoto ndilo lililogeuza mambo. Msiba kwetu hauendi bila chai na chapati, na msiba wa taifa una watu wengi. Maofisa wa benki walihangaika huku na huko, wakagundua kwamba jirani na hapo chapati nzuri ziko sehemu moja tu, nazo huwa zinalipiwa kwa Fundi Chambuso. Mhasibu akaja mbio kumnong'oneza Mwinuka. Wakilipia chapati za waombolezaji wote kwa namba ile, hesabu za benki zitaonyesha kwamba gavana mmoja amezikwa kwa majeneza mia kadhaa. Bunge litauliza ndani ya hayo mengine wamezikwa akina nani.

Mwinuka aliwaza kidogo, akatoa amri. Yule mama lishe awepo kufikia saa kumi.

Akawepo. Barua ya mtendaji, iliyokuwa ikichukua miezi, iliandikwa na mtendaji mwenyewe akiwa amesimama. Picha ilipigwa, sikio moja likatosha. Kabla maji ya chai hayajachemka, Bi. Sikudhani alikuwa na lipa namba yake, na kwenye ramani ya mfumo pale patupu pakatokea picha ndogo ya chapati, Kundi: Chakula, Hali: Yupo. Kituo cha Huduma kwa Wafiwa kikaahirishwa kwa kukosa mahali. Jiwe la msingi liliachwa palepale, na muuza nyanya akaanza kupanga mafungu yake juu yake.

Jioni Bi. Sikudhani aliingia chini ya turubai na kapu lake, amelifunika kwa kitambaa safi, Fundi Chambuso nyuma yake amebeba birika. Kabla hajatua kapu, Gavana alisimama mkekani akapaza sauti.

"Mama! Waambie! Sema mimi ni nani na nilikula nini kwako!"

Watu waligeuka kumtazama Bi. Sikudhani. Kwa sheria zetu shahidi aliyepo hawezi kukataliwa, na shahidi huyu alikuwepo tangu saa kumi. Mwinuka aliinuka kwenye kiti kile kirefu, akamkaribia, akasema kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa karibu.

"Fikiri vizuri, mama. Leo ni chapati za matanga. Matanga ni siku tatu. Kisha kuna arobaini, kisha kumbukumbu ya mwaka, na zote zina watu na zote zina chai. Binti atamaliza chuo bila wasiwasi. Ninachouliza ni kidogo tu: unamwona Gavana yeyote hapa?"

Bi. Sikudhani alimtazama Gavana. Suti yake ilikuwa na vumbi la njiani na doa la maharage kifuani. Kila mtu wa Mtaa wa Randa aliyekuwepo alijua alichoambiwa mama huyu asubuhi ile, na wengi wetu, niseme ukweli, tulitamani amrudishie neno kwa neno.

"Namwona," alisema. "Huyu hapa. Ni mzima, amekula kwangu chapati mbili na maharage. Mtu akisimama mbele yangu, mimi namwona. Sikufundishwa vingine."

Gavana aliangua kilio kikubwa kuliko vyote vilivyosikika kwenye msiba wake. Mwinuka alikunja wasifu akauweka mfukoni, kwa matumizi ya baadaye. Bendi iliomba kuambiwa ipige nini. Na Gavana alipomaliza kulia, akajifuta macho, akajongea mpaka kwenye kapu na kuomba chapati.

Bi. Sikudhani akamwambia apange foleni, nyuma ya waombolezaji wake.